Kimbunga changu na basi la Lindi

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita gazeti lako lilitoa habari fupi, tena ukurasa wa ndani kabisa, kuhusu vyuo vikuu vya nje vinavyowapa waandishi wa habari za mazingira nafasi ya kwenda kusoma kwa ufadhili. Niliikata nikaibandika ukutani studio. Mwenzangu mmoja akaandika chini yake kwa kalamu nyekundu: "Mtwara kuchele!", yaani kumekucha. Sijui alikuwa anatania au anaota. Naomba nafasi nami niseme langu, na nitaanza na kosa langu mwenyewe ili wengine wasipate kazi ya kulitafuta.

Mimi ni ripota wa redio hapa Mtwara, nyumbani Mikindani. Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kimeshapita Komoro kinakuja bara, zamu ya asubuhi ilikuwa yangu. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ilifika kwenye simu, ndefu, nami nikapewa dakika moja na nusu. Nikaifupisha. Maneno kama "upo uwezekano" na "endapo kitaendelea na mwelekeo huo" ndiyo yanayokula muda, nikayatoa. Kilichokwenda hewani ni kwamba kimbunga kinapiga Mtwara leo. Basi.

Nisijipe ukubwa nisiokuwa nao. Shule na maduka vilifungwa kwa amri ya wakubwa, na kwa hatari iliyokuwapo walifanya vema. Lakini watu hawakai na amri, wanakaa na sauti waliyoisikia, na sauti hiyo ilikuwa yangu. Nimewaona kwa macho yangu kina mama wakipanda kwenda sehemu za juu na magodoro kichwani, watoto wamebeba kuku.

Jioni ikaja, kwetu mvua na upepo wa kuvumilika. Kenneth kiliingilia Cabo Delgado, Msumbiji, kwa ndugu zetu ng'ambo ya Ruvuma, kikaua watu na kulaza vijiji. Huku kwetu wengi hawakutazama ng'ambo. Walitazama anga lao, halafu wakanitazama mimi. Siku ya pili yake nimekwenda kununua dagaa, muuzaji akaniuliza mbele ya umati: "Dada, kimbunga chako kimepanda basi gani?" Watu wakavunjika mbavu. Mpaka leo wapo wanaoniita Dada Kimbunga, na wengine ni watoto ambao mwaka ule walikuwa hawajaanza shule.

Ningecheka nao, kama isingekuja Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipokaribia nilimpigia simu kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, ilikuwa Ijumaa kabla ya swala. Nikamwambia aivute ngalawa yake juu kabisa, aifunge kwenye mnazi. Akanijibu kwa upole, maana ni mtu mpole: "Dada, hiki si ni kile cha mwaka ule?" Akaiacha nangani. Kimbunga chenyewe kilikwenda kuingilia upande wa Mafia, lakini upepo na mvua zake zilitandika mpaka huku, na barabara ya Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, mabasi yakalala njiani. Jumapili tuliikuta ngalawa imelala kifudifudi kwenye mikoko, ubavu mmoja umefunguka kama korosho iliyobanguliwa vibaya. Kaka yangu aliizunguka mara mbili, akaupapasa ule ubavu, hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Niliposhindwa 2019 nilikuja kupaelewa miezi mitano baada ya Hidaya, na kwa bahati tu. Nilikuwa natoka Lindi mazishini, nikakosa kiti cha mbele kwenye Kosta, nikakaa nyuma na mzee mmoja aliyekuwa likizo. Kumbe ni mtu wa hali ya hewa, wa kituo cha mkoa mwingine. Kabla hatujafika Mingoyo nilikuwa nimeshamkiri dhambi yangu. Mbele yetu kulikuwa na mfanyabiashara amebeba faneli za plastiki, zile za kumiminia mafuta ya taa, amezifunga shada zima. Mzee akainyooshea kidole moja. Akasema kimbunga hakichorewi mstari, kinachorewa faneli. Ule mdomo mwembamba ni pale kilipo sasa hivi. Mdomo mpana ni mahali pote kinapoweza kufika kesho na keshokutwa. "Mwaka ule mlikuwa ndani ya mdomo mpana, pembeni huku juu," akanambia. "Kikapita upande wa pili wa mdomo uleule. Sasa nani kadanganya?"

Akatoa simu yake akanionyesha matangazo ya siku hizi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini yake kuna mistari miwili: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Unaweza kukuta uwezekano ni mdogo na athari ni kubwa, na hapo ndipo mtu mwenye ngalawa anapotakiwa kufikiri. Nilikaa kimya mpaka tulipovuka daraja. Mistari hiyo miwili mimi huiruka karibu kila siku, kwa kuwa iko mwisho na kipindi kimekwisha. Akanieleza pia kwa nini vimbunga havitutembelei kila mwaka: kila unavyosogea karibu na Ikweta, nguvu ya mzunguko wa dunia inayokisokota kimbunga inapungua. Miaka yote hiyo nilikuwa nawaambia wasikilizaji kwamba ni kudra tu. Kudra ipo, lakini na hilo lipo.

Nilishuka Mikindani na tiketi yangu imejaa michoro nyuma. Saa mbili zile, Mhariri, ndizo shule yangu yote ya vimbunga. Sasa turudi kwenye ile habari yako.

Nimefuatilia hivyo vyuo. Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani kimekuwa kikichukua waandishi kwa mwaka mzima wa masomo tangu 1938. MIT, ambacho ni chuo cha sayansi na teknolojia, kilianza 1983 na waandishi wa sayansi. Colorado, katika mji wa Boulder, tangu 1997 kuna nafasi za waandishi wa mazingira peke yao, watano kwa mwaka, nao huingia darasa lolote walitakalo: sheria ya maji, misitu, miamba, siasa za nishati. Kilichonishangaza ni kwamba hawapewi shahada na hawafanyi mtihani. Wanalipwa fedha ya kujikimu wakae karibu na wanaojua, waulize. Mtu aliyebuni jambo hili aliijua kazi yetu vizuri. Ripota anayekimbiza habari tatu kwa siku hana mahali pa kuuliza swali la kijinga. Akimuuliza mkuu wa idara atapoteza heshima, akimuuliza mhariri atapoteza zamu. Mimi nililiuliza la kwangu kwenye Kosta kwa kuwa yule mzee hanijui.

Mwaka mmoja nilijaribu kuomba, chuo nisikitaje. Fomu ilitaka kazi zangu bora zilizokwisha kutoka, zikiwa na tafsiri ya Kiingereza. Kazi zangu za redio zilikwenda hewani zikaisha. Kompyuta ya studio ilisafishwa kupisha nyimbo za kampeni, na miaka minne ya sauti zangu ikaondoka nazo. Nilipata vipande viwili kwa msikilizaji wa Nanyamba aliyevirekodi kwenye simu, kimoja jogoo anawika katikati. Fomu ikataka tena barua ya mwajiri kwamba atanishikia nafasi yangu hadi nirudi. Mwajiri yupi? Mimi nalipwa kwa habari, shilingi 7,000 ikitoka, na isipotoka ni pole. Nikienda Msimbati na kurudi nauli inaila yote. Nilimpelekea bosi karatasi, akaisoma, akacheka bila ubaya, akasema, "Nikushikie nafasi ipi, mama?" Fomu nikaifunga pale.

Siwalaumu wale wa ng'ambo. Walitengeneza nguo kwa vipimo vya mtu wao. Ninaowasema ni sisi tuliojishonea semina.

Semina za mazingira nimehudhuria, nadhani saba au nane. Zote siku mbili, zote hotelini, zote na chai ya saa nne yenye sambusa. Katika mojawapo, hapa hapa Mtwara, dirishani unaona bahari na unasikia wanawake wanaotoka kukusanya pweza, mwezeshaji aliwasha projekta akatuonyesha dubu mweupe amesimama juu ya kipande cha barafu. Dubu! Tulikaa naye asubuhi nzima. Hakuna aliyetutoa nje hatua mia mbili kwenda kumuuliza mmoja wa wale kina mama kwa nini kapu lake ni jepesi. Siku ya pili tukapewa vyeti, tukapiga picha ya pamoja, tukasaini posho. Na mimi nilisaini, sitajifanya malaika. Ada ya shule ilikuwa inadaiwa. Lakini mpaka leo sijawahi kutangaza habari yoyote ya dubu.

Nieleze kitu kimoja ninachokijua kwa ndani zaidi, nacho ni mwani, kwa sababu mama yangu ndiye mwalimu. Amelima mwani zaidi ya miaka ishirini. Bamvua likifika, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, saa tatu asubuhi maji yameshatoka, anaingia na wenzake kufunga mbegu kwenye kamba. Kuna aina mbili, spinosi na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo inayokufa. Inaanza kupauka ncha, halafu tawi linakuwa jeupe kama mfupa, ukiligusa linakatika. Mama hasemi "ongezeko la jotoridi la bahari." Anasema maji "yanaunguza miguu," na anakwambia kabisa ni miezi gani, na kwamba zamani miezi hiyo haikuwa hivyo. Anajua pia kamba ya maji marefu inapona kuliko ya maji mafupi, na kwamba wanawake wengi hawawezi kwenda maji marefu kwa sababu hawajui kuogelea na hawana chombo. Hilo la mwisho ndilo habari yenyewe. Watafiti wameshaandika kwamba joto la maji ya kina kifupi linaipiga kotonii, wanafahamu na magonjwa yanayoifuatia. Mama hajawahi kuonana na mtafiti hata mmoja wa hao. Mimi katikati yao niliwahi kutoa habari ya dakika mbili yenye kichwa "Wakulima wa mwani walia na bei." Bei! Kwa kuwa bei ndiyo niliyojua kuiuliza.

Halafu kuna hili la lugha. Tuliambiwa tuseme "mabadiliko ya tabianchi," nami nikasema. Siku moja kwenye kipindi cha moja kwa moja mzee wa Newala akapiga simu, amekasirika kweli: "Hii tabia ya nchi kila siku mnasema imebadilika, kwa nini isikanywe na wazazi wake?" Nilidhani ni mzaha. Hakuwa na mzaha. Nilijaribu kumweleza nikagundua kwamba mimi mwenyewe neno ninalo, jambo sina. Chuo cha Oxford kule Uingereza kimefungua mtandao wa mafunzo ya habari za tabianchi, unasoma kwa miezi kadhaa ukiwa nyumbani kwako, jambo zuri na sina neno baya juu yake. Lakini ni Kiingereza mwanzo mwisho. Ukitoka hapo unajua kulisema kwa Kiingereza, na mzee wa Newala bado yuko kwenye simu anasubiri.

Kwa hiyo ombi langu, nalielekeza kwa vyuo vyetu, maana hao wanasoma gazeti lako hata kama hawasikilizi redio yetu. Shule ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo. Mtakatifu Augustino wa Mwanza wanafundisha uandishi miaka mingi, na chuo kishiriki chao cha Stella Maris kiko hapa mjini Mtwara. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, ambacho korosho ya nchi hii inakitegemea, kiko mwendo wa bodaboda kutoka studio kwetu. Chama cha waandishi wa habari za mazingira, JET, nacho kipo, na kina watu wazima wanaojua kazi. Vyote vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia maripota wanne, wawili wa Mtwara na wawili wa Lindi: kaeni msimu mmoja, mtalipwa kiasi cha habari mnazozikosa, na milango ya watafiti hii hapa, gongeni.

Nasema msimu, sisemi mwezi wala muhula. Anzeni Mei, mikorosho ikikaribia kutoa maua na watu wakiandaa salfa ya kupulizia ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho. Kila mwaka tunatangaza salfa imechelewa, salfa imefika, salfa imeuzwa kinyemela. Sijasikia ripota, nami nimo, akiuliza salfa ile inafanya nini kwenye udongo ikishuka miaka thelathini mfululizo, au kwenye kifua cha kijana anayeendesha ile mashine amefunga kanga ya mkewe puani. Niliwahi kumuuliza mtaalamu mmoja mlangoni tu, amesimama na funguo mkononi, akanambia salfa inaongeza uchachu wa udongo, akaanza kunieleza namna ya kupima. Simu yangu ikalia. Mkuu wa wilaya alikuwa anazindua kitu. Nikaondoka. Kaeni mpaka mabibo, matunda ya mkorosho, yaanguke na minada ifunguliwe, mtakuwa mmeona mti mmoja kutoka ua hadi ghala. Ripota akitoka hapo hutamdanganya kirahisi, awe mnunuzi, awe mwanasiasa, awe mkulima mwenyewe.

Na msiweke sharti la Kiingereza kwenye fomu. Stashahada inatosha, nayo tuliambiwa tuitafute baada ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, wengine tukaitafuta na mtoto mgongoni. Kazi atakayodaiwa mtu iwe vipindi vya Kiswahili, na chuo kivihifadhi mahali ambapo hapatasafishwa kwa ajili ya nyimbo za kampeni.

Najua atakayesema: mkimsomesha ataondoka. Ni kweli. Wenzangu wawili waliopata kozi ndefu sasa ni maofisa mawasiliano wa mashirika, wana gari lenye kiyoyozi, wakinipita barabarani wananipigia honi kwa mapenzi. Siwezi kuwasema, mshahara wao unajibu. Dawa yake siijui vizuri. Nahisi mtu aliyekaa msimu mzima na watu wa kwao, kwa lugha yao, ana sababu mbili tatu zaidi za kubaki kuliko aliyekaa na dubu, ila siwezi kuapa.

Kaka yangu ameshaitengeneza ngalawa, ameipiga mbao mpya ubavuni ambayo haijafanana rangi na zile nyingine. Taarifa za hali ya hewa siku hizi nazisoma mpaka mstari wa mwisho, na fundi mitambo ananipigia muziki juu ya sauti yangu nikiwa bado naongea. Bamvua lijalo mama ataingia majini kama kawaida. Kama yupo mhadhiri au mtafiti anayetaka kuja kutazama kotonii yake, mimi nitampeleka, sihitaji posho. Afike kabla ya saa tatu asubuhi, na avae viatu vya mpira. Ndala zinabaki kwenye tope, na chini kuna miiba.

Ripota wa redio,
Mikindani, Mtwara.
(Jina langu analo Mhariri.)